Nusu ya Ngapi? Jinsi ya Kupokea Hesabu za Afya

Kama una kalamu na karatasi karibu, zichukue, kwa maana leo tutapiga hesabu kidogo. Usiogope. Ni hesabu ya sokoni tu, ile ambayo mama anayeuza omena huipiga kichwani kila siku bila kwenda kwa mwalimu.

Leo hatuzungumzii dalili za ugonjwa wala dawa. Tunazungumzia namna ya kusikiliza. Kila mara unaposikia habari za afya unaambiwa: asilimia kadhaa wameambukizwa, hatari imepungua kwa nusu, visa vimeongezeka maradufu. Wengine wetu huziamini hesabu hizo zote kwa sababu zimesemwa na daktari. Wengine huzikataa zote kwa sababu zimeletwa na Serikali au na wageni. Lakini wengi wetu, tuseme ukweli, huamini zile zinazotupendeza na kuzikataa zinazotuudhi. Tabia hii ya tatu ndiyo yenye hatari kubwa, kwa sababu mtu huwa nayo bila kujijua.

Tutatumia mfano wa karibu, hesabu iliyotoka hapa hapa Kisumu. Ni hesabu ya tohara na virusi vya Ukimwi. Najua neno hilo likitajwa kando ya ziwa hili, watu hujikunja vitini. Ndiyo sababu tumelichagua.

HESABU ILIYOZALIWA KISUMU

Tangu miaka ya 1980 watafiti waliona jambo barani Afrika. Mahali ambapo wanaume wengi hawatahiriwi, virusi vya Ukimwi vilikuwa vingi zaidi. Je, hiyo ilithibitisha kwamba tohara inakinga? La. Watu wa sehemu mbili hutofautiana kwa mambo mengi. Huenda dini ni tofauti. Huenda upande mmoja kuna bandari, barabara kuu au uvuvi, na watu wanasafiri na kulala mbali na nyumbani. Huenda vijana wa huku wanaoa mapema na wa kule wanachelewa. Ukiona jogoo anawika na jua linachomoza, usiseme jogoo ndiye aliyelileta jua.

Basi kati ya mwaka 2002 na 2005, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Illinois cha Marekani na Manitoba cha Canada, waliandikisha vijana 2,784 mjini Kisumu. Walikuwa na umri wa miaka 18 hadi 24. Hawakuwa wametahiriwa, walipimwa na kuonekana hawana virusi, na walikuwa tayari kutahiriwa. Vijana hao waligawanywa katika makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja, vijana 1,391, lilitahiriwa mara moja. Kundi la pili, vijana 1,393, liliombwa kusubiri miaka 2. Wote walipewa ushauri na kondomu.

Kwa nini bahati nasibu? Ili mvuvi asijae upande mmoja na mwanafunzi upande mwingine. Ili wanaopenda starehe wasiende wote huku na wacha Mungu wote kule. Bahati nasibu haimjui mtu, wala haimpendelei mtu. Tofauti zote za tabia zinagawanyika karibu sawa, na linalobaki kuwa tofauti kubwa ni tohara yenyewe.

Tarehe 12 Desemba 2006 jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu matokeo yalikuwa wazi na haikuwa haki kuendelea kuwasubirisha vijana wa kundi la pili. Kati ya waliotahiriwa, 22 walikuwa wameambukizwa. Kati ya waliosubiri, 47. Jaribio lililofanywa Afrika Kusini lilikuwa limekwisha kutoa jibu la namna hiyo mwaka 2005, na lile la Rakai, Uganda, lilisimamishwa siku moja na letu. Mwezi Machi 2007 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tohara ya hiari iwe njia mojawapo, nasema mojawapo, ya kupunguza maambukizi kwa wanaume. Kenya ilianza mpango wake mwaka 2008.

NUSU YA NGAPI?

Redioni na mabangoni hesabu hiyo ilifupishwa hivi: tohara hupunguza hatari kwa asilimia 60. Msikilizaji, shika kalamu.

Fikiria muuzaji pale soko la Kibuye akuambie, "Nimekupunguzia nusu ya bei." Utafurahi? Kwanza utauliza, nusu ya ngapi? Nusu ya shilingi 20 ni shilingi 10, huwezi hata kulipa nauli. Nusu ya shilingi 2,000 ni shilingi 1,000, hiyo ni karo ya mtu. Neno ni lile lile, nusu, lakini mfuko unajua tofauti.

Sasa turudi kwa vijana wetu. Jaribio liliposimamishwa, si wote waliokuwa wametimiza miaka 2, kwa hiyo watafiti walipiga hesabu ya muda huo kwa uangalifu. Walipata kwamba katika miaka 2, kwa kila vijana 100 wasiotahiriwa, kama 4 waliambukizwa. Kwa kila 100 waliotahiriwa, kama 2 waliambukizwa. Kutoka 4 hadi 2, hatari imepungua kwa takribani nusu. Ukichukua majaribio yote matatu, kupungua huko ni kati ya asilimia 50 na 60.

Umeona? "Hatari imepungua kwa nusu" na "imepungua kutoka watu 4 hadi 2 kwa kila 100" ni habari moja. Ya kwanza inasikika kubwa sana. Ya pili inasikika ndogo. Anayetaka kukuvuta atakupa ya kwanza peke yake. Anayetaka kukukatisha tamaa atakupa ya pili peke yake. Wewe dai zote mbili.

Wala usidharau hiyo 2 kwa 100. Ni ya miaka 2 tu, na kijana wa miaka 20 ana miaka mingi mbele yake. Na Kisumu haina vijana 100. Katika vijana 10,000, hao ni watu 200 wanaoepuka virusi katika miaka 2. Pengine mmoja ni mwanao.

Lakini sikiliza pia upande wa pili. Vijana 22 waliotahiriwa waliambukizwa. Kupungua kwa asilimia 60 hakumaanishi kwamba wanaume 60 kati ya 100 wamefungiwa mlango na hawawezi kuambukizwa. Maana yake ni kwamba, kama katika kundi la wasiotahiriwa wangeambukizwa 10, katika kundi kama hilo la waliotahiriwa, kwa muda ule ule, wangeambukizwa kama 4. Na hao wanne hawana alama usoni. Yeyote anaweza kuwa wa nne. Kwa hiyo kaka unayesema, "Mimi nilitahiriwa, kondomu ya nini?" umeisikia hesabu nusu nusu.

Na wewe mama, jua kwamba hesabu hii ilikuwa ya wanaume. Utafiti mwingine wa Rakai, uliochapishwa mwaka 2009, haukuonyesha kwamba mke wa mume mwenye virusi alikingwa kwa sababu mume huyo ametahiriwa. Ukiambiwa hesabu, uliza: ni hesabu ya nani?

TIA MKONO CHINI YA GUNIA

Swali hilo la "ya nani" lina dada yake: nani alihesabiwa, na nani aliachwa?

Mama mwenye uzoefu akinunua gunia la omena haangalii juu tu. Anatia mkono hadi chini, kwa sababu anajua juu kunaweza kuwa na omena kavu safi na chini kuna mchanga. Anataka konzi moja inayofanana na gunia zima.

Hesabu za afya nazo huchukua konzi moja ili kujua gunia zima. Kwa miaka mingi Kenya ilikadiria kiwango cha virusi kwa kupima damu ya akina mama wajawazito katika kliniki zilizochaguliwa. Ilikuwa njia nzuri ya kuona kama mambo yanapanda au yanashuka. Lakini mama mjamzito ni mtu ambaye amefanya mapenzi bila kondomu. Msichana ambaye hajaanza hayumo. Mwanamume hayumo kabisa. Mwaka 2003, kwa mara ya kwanza, utafiti mkubwa wa taifa ulipima watu katika nyumba zao, wanawake kwa wanaume, mijini na vijijini. Ulipata asilimia 6.7, chini ya makadirio ya awali yaliyotegemea kliniki.

Mtu angeweza kusema, "Ukimwi umeshuka ghafla!" Mwingine angesema, "Wanatudanganya, jana walisema juu." Wote wangekosea. Kilichobadilika sana ni konzi, wala si gunia. Na hata konzi ya nyumbani ina kasoro zake. Mvuvi aliyekuwa ziwani usiku na kulala ufuo mwingine hakukutwa nyumbani. Aliyeogopa sindano alikataa. Kuuliza nani aliachwa si utundu. Ni busara ile ile ya kutia mkono chini ya gunia.

Hata sisi wahudumu wa afya tunajidanganya hapa. Mimi nikikaa siku nzima katika chumba ambacho kila anayeingia ni mgonjwa, nikitoka jioni naona kama mji mzima unaumwa. Macho yangu hayakusema uongo. Yaliona juu ya gunia tu.

MAJI NDANI YA MTUMBWI

Hesabu nyingine inayotusumbua ni hii. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulipata kwamba asilimia 4.9 ya Wakenya wa miaka 15 hadi 64 walikuwa wanaishi na virusi. Katika kaunti ya Kisumu ilikuwa asilimia 17.5, na Homa Bay asilimia 19.6. Mtu akitazama anakumbuka kwamba mwaka 2003 mkoa wa Nyanza ulikuwa na asilimia 15.1. Anasema, "Miaka 15 ya semina, tohara na kondomu, na bado tumepanda! Ni kazi bure."

Ngoja kwanza. Nyanza ya 2003 ilikuwa na Kisii na Nyamira ndani yake, ambako virusi vilikuwa vichache. Kisumu ya 2018 ni kaunti moja. Umri wa waliopimwa pia haukuwa sawa, kwa sababu mwaka 2018 walihesabiwa hadi watu wa miaka 64. Huwezi kupima debe kwa gorogoro halafu ukasema mahindi yameongezeka.

Na kuna jambo kubwa zaidi. Fikiria mtumbwi wenye tundu. Maji yaliyomo ndani ni watu wote wanaoishi na virusi. Maji yanayoingia kwa tundu ni maambukizi mapya. Zamani maji hayo yalipungua kwa njia ya kusikitisha, kwa sababu watu walikufa. Kila familia hapa inajua makaburi hayo. Mwaka 2006 dawa za ARV zilianza kutolewa bila malipo katika hospitali za umma. Mtu anayemeza dawa vizuri haondoki. Anaendelea kuvua, kuuza, kulea. Kwa hiyo hata kama tundu limezibwa kwa kiasi kikubwa, maji ya ndani yanaweza kubaki juu kwa miaka mingi. Katika hesabu kama hiyo, sehemu ya ule "ubaya" ni akina baba na mama ambao hawakufa.

Ukitaka kujua kama kazi ya kuzuia inafaulu, usiulize tu wangapi wanaishi na virusi. Uliza wangapi wapya wameingia mwaka huu. Ni maswali mawili tofauti, na majibu yake yanaweza kwenda pande mbili tofauti.

SWALI LA MOYO WAKO

Hadi hapa tumeihoji hesabu. Sasa tujihoji sisi wenyewe, na hapa ndipo penye kazi.

Habari ya tohara ilipotoka, watu waliisikiliza kila mmoja kwa sikio lake. Mtu wa jamii inayotahiri alisema, "Si tuliwaambia?" Hakuuliza swali hata moja, kwa sababu hesabu ilimsifu. Hakusikia habari ya wale 22. Mjaluo naye, ambaye mila ya wazee wake ilikuwa kung'oa meno ya chini na wala si kutahiri, alisema, "Hii ni siasa." Mwaka 2008 Baraza la Wazee wa Kijaluo lilikuwa na wasiwasi wake. Baadaye viongozi wa eneo hili, akiwemo Raila Odinga aliyekuwa Waziri Mkuu, walijitokeza kuunga mkono mpango huo kama huduma ya afya na wala si mila.

Wasiwasi ule haukuwa ujinga. Neno tohara limetumika kama tusi katika siasa za nchi hii, na katika ghasia za mwanzoni mwa 2008 wapo wanaume waliotahiriwa kwa nguvu. Mtu aliyeumizwa kwa neno ana sababu ya kushtuka akilisikia tena. Lakini uchungu, hata ukiwa wa haki, hautuambii kama hesabu ni ya kweli au si ya kweli. Hayo ni mambo mawili. Virusi havimuulizi mtu kabila lake wala chama chake.

Wapo pia akina mama waliosema, "Mume wangu akitahiriwa atapata ruhusa ya kuzurura." Ni hofu ya maana, na watafiti wa Kisumu waliifuatilia. Katika jaribio lile hawakuona kwamba waliotahiriwa walizidisha mienendo ya hatari kuliko wenzao. Je, twende nyumbani tukiwa tumetulia? Bado kuna swali. Vijana wale walipewa ushauri mara kwa mara. Mume wako amepewa ushauri mara ngapi?

Basi nakupa kipimo kimoja cha kujipima. Ukisikia hesabu, igeuze. Jiulize: kama ingekuja kinyume, ningesemaje? Kama jaribio lingeonyesha 47 waliambukizwa kati ya waliotahiriwa na 22 kati ya wasiotahiriwa, je, ningeuliza maswali yale yale? Au ningepiga makofi na kumwambia jirani, "Umesikia?" Kama hesabu inayokuudhi unaitoza maswali kumi na inayokupendeza huitozi hata moja, basi mizani yako ina kidole juu yake. Na kidole hicho ni chako.

Sikuambii uache upande wako. Kila mtu ana alikozaliwa, ana aliyemzika, ana anachokiogopa. Nakuomba ujue upande wako uko wapi, ili uweze kuuegemea kidogo tu unaposikiliza. Kisha uliza kwa hamu ya mtu anayetaka kujua, wala si kwa hamu ya kushinda. Kijana anayeamua kuhusu mwili wake anahitaji jibu la kweli. Ushindi wa kabila au wa kijiwe hautamsaidia kliniki.

KUMBUKA

Ukisikia hesabu ya afya, uliza haya:

1. Ni nusu ya ngapi, au asilimia ngapi ya watu wangapi, na kwa muda gani?
2. Nani alihesabiwa, na nani aliachwa?
3. Inalinganishwa na nini? Je, vipimo ni sawa?
4. Ni maji yaliyomo mtumbwini, au yanayoingia?
5. Je, ningeuliza hivi kama jibu lingekuwa kinyume?

Na kuhusu tohara yenyewe: ni ya hiari, inafanywa na mhudumu aliyefunzwa, na baada yake subiri wiki 6 bila kufanya mapenzi hadi kidonda kipone kabisa. Inapunguza hatari kwa mwanamume, haiiondoi. Kondomu, kupima na kumeza dawa kwa wanaoishi na virusi bado ni nguzo. Kama una swali, nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe ukaulize. Mhudumu akikupa hesabu, mwambie kwa heshima, "Daktari, hiyo ni nusu ya ngapi?" Mhudumu mwema atafurahi.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Taja hesabu moja ya afya uliyoiamini mara moja. Kwa nini ilikupendeza?
2. Taja moja uliyoikataa. Je, uliikataa kwa sababu ya hesabu yenyewe, au kwa sababu ya aliyeileta?
3. Ikiwa mtu angetaka kujua hali ya afya ya ufuo wenu kwa kuuliza watu 50, angeuliza lini na wapi ili asiwakose wavuvi wa usiku?